Chamwino Ipi?

Kwa Kiswahili mtu anaweza kupotea bila kutoka nyumbani kwake. Usipompigia rafiki yako simu miezi mitatu, siku mkikutana atakwambia, "Aisee, umepotea sana!" Na wewe utacheka na kujitetea: kazi, majukumu, si unajua maisha yenyewe. Hutamwambia kwamba muda wote huo ulikuwa unajua ulipo. Ulijua, ndiyo, ila yeye hakujua. Lugha yetu imeliona jambo hili kwa jicho la anayesubiri: aliyepotea ni yule asiyeonekana, hata kama njia anaijua vizuri.

Neno hili limenikaa kichwani tangu mwezi wa nane, tangu sendofu ya mdogo wangu wa kike pale Dodoma. Siku ile nilipotea mjini pamoja na bibi yetu, na nilipofika ukumbini nilisema maneno mawili matatu ambayo hadi leo yananiuma. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Swali langu ni dogo kulitaja na gumu kulijibu: je, aliyepotea ana hatia?

Nianze na kisa chenyewe.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Mtera, pale barabara ya Iringa na Dodoma inapopita juu ya bwawa. Kama umewahi kupita na basi unapajua: upande mmoja maji hayana mwisho, upande wa pili mawe na korongo la Ruaha Mkuu, na kabla gari halijasimama vizuri sahani za perege wa kukaanga zimeshafika dirishani. Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya kuendeshea mitambo ya Kidatu huko chini, na likijaa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Sehemu ya ardhi aliyochezea bibi utotoni imo humo ndani. Ukimuuliza kwao ni wapi, ananyoosha kidole kwenye maji.

Wazazi wangu walihamia Dodoma mwaka 2019. Mimi naishi Dar es Salaam. Kazi niliyopewa kwenye kamati ya familia ilikuwa moja tu: kumchukua bibi Mtera siku ya Ijumaa, kulala naye Dodoma, na Jumamosi saa kumi na moja jioni kumfikisha ukumbini. Kwetu binti haagwi mpaka bibi amfunge kitenge kiunoni na kumwombea. Kitenge chenyewe alikuwa nacho bibi kwenye mkoba wake, amekitunza tangu mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita.

Jumamosi asubuhi nikaona tunao muda. Nikamwambia, "Bibi, twende nikutembeze mjini." Akacheka. Bibi huniita mume wangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. Akasema, "Haya mume wangu, nitembeze. Mara ya mwisho nilikuja hapa kwa lori."

Nakwambia, asubuhi ile ilikuwa tamu. Tulianzia Nyerere Square. Bibi alimtazama Mwalimu wa sanamu kwa muda mrefu, akasema yule wa kweli alikuwa mwembamba zaidi. Tukaenda Msikiti wa Gaddafi, tukausimamia kwa nje, bibi akahesabu minara. Tukapita Bunge kwa bajaji. Tukanunua zabibu. Nilimweleza kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na kwamba serikali ilikuja kuhamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016. Akaniuliza kwa nini walichelewa hivyo. Nikamwambia labda walipotea njiani. Tulicheka wote wawili, na sasa nikiukumbuka utani ule naona aibu kidogo.

Saa nane mchana, tukiwa tunakula, ujumbe ukaingia kwenye kundi la familia: "Ukumbi umebadilika. Tunakutana Chamwino." Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa shangazi, dakika mbili na nusu. Sikuusikiliza. Nani anasikiliza ujumbe wa sauti wa shangazi hadi mwisho? Simu yenyewe ilikuwa na chaji ya kuhesabu.

Sasa kwa msomaji asiyeijua Dodoma: Chamwino ziko mbili. Kuna Chamwino iliyo kata ya hapo hapo mjini, jirani na Chang'ombe. Na kuna Chamwino ya Ikulu, makao makuu ya wilaya ya Chamwino, kilomita thelathini hivi mashariki kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kutoka pale tulipokuwa tunakula, ya kwanza ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Ya pili ni safari.

Tukaenda kituoni. Gari liliandikwa Chamwino, nikampandisha bibi. Konda, kijana mdogo tu, alimwona bibi amevaa kisherehe, akainama kwa heshima akasema, "Shikamoo bibi. Hii ni Chamwino ya Ikulu, siyo ile ya mjini, sawa?"

Nikamjibu, "Sawa, twende."

Bibi akanigusa mkono. "Mume wangu, kijana anasema ziko mbili."

"Najua, bibi."

Sikujua. Ndiyo kwanza nilikuwa nasikia.

Hapo ndipo hasa kisa changu kilipo, na ukitaka unaweza kuruka yaliyofuata. Tulipita Ihumwa, tukapita Mtumba, nikamwonyesha bibi majengo ya wizara kwenye Mji wa Serikali. Tukashuka Chamwino. Nikauliza ukumbi, hakuna aliyeujua. Simu ikazima. Tukatembea, bibi na mkoba wake, mimi na zabibu. Bodaboda mmoja akatupeleka palipokuwa na muziki. Tukaingia kwenye ukumbi mdogo, tukakaribishwa viti, tukaletewa soda na wali, na tulikuwa tumeshaanza kula bibi aliponinong'oneza kwamba binti aliyekaa pale mbele siyo wetu. Wenyeji walikuwa wameshajua kitambo kwamba hatuwafahamu. Waliona mzee amechoka wakaamua ale kwanza, maswali baadaye. Mmoja wao ndiye aliyetutafutia gari la kurudi mjini.

Tulifika ukumbini kwetu saa tatu usiku. Mshereheshaji alikuwa amemwita bibi mara tatu. Walikuwa wamesubiri saa moja na nusu, chakula kikapoa, na wakwe zetu waliotoka Singida kwa basi la kukodi walikuwa wanaangalia saa. Mwishowe shangazi akasimama badala ya bibi, akamfunga binti kitenge cha kuazima. Tulipoingia, wakwe walikuwa wameshaondoka.

Mama alitukuta mlangoni. "Mlikuwa wapi?"

Nikasema, "Tulipotea, mama. Bibi alitaka kuiona Ikulu."

Mama akamgeukia mama yake. "Jamani mama, leo? Siku ya leo?"

Bibi alinitazama mara moja tu. Kisha akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Akapita.

Basi. Hicho ndicho kisa.

Wako marafiki niliowasimulia wakaniambia najitesa bure. Mtu kapotea mjini, kuna ubaya gani? Rafiki yangu mmoja mpenzi wa vitabu alinikumbusha kwamba Walter Benjamin, yule mwandishi wa Kijerumani, aliona kupotea ndani ya jiji kuwa ni ujuzi, jambo ambalo mtu hana budi kujifunza. Na wahenga wetu nao walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Mji usiopotea ndani yake huujui, unajua barabara tu.

Nakubaliana nao, hadi saa nane mchana. Asubuhi tuliyozunguka na bibi hatukuwa na pa kufika, na kila kona tuliyokosea ilikuwa zawadi. Lakini mzururaji wa vitabuni mara nyingi ni mtu asiyesubiriwa. Ana chumba chake, ana daftari lake, jioni atarudi au hatarudi. Mpe mdogo wake wa kike aliyekaa mbele ya watu mia mbili, kila dakika anatazama mlango, uone kama matembezi yake yatabaki yale yale. Njia ni ile ile na miguu ni ile ile, lakini kuna mtu anailipia kila hatua, naye hajui anachokilipia.

Kwa hiyo nadhani lugha yetu iko sahihi. Kupotea ni hali ya watu wawili. Ukiwa peko yako hujui ulipo, wewe ni mgeni tu. Unakuwa umepotea pale mwingine anapokutazamia usionekane. Na hapo ndipo swali la hatia linapoingia, maana pasipo wa pili hakuna deni.

Lakini je, kutokujua ni kosa? Aristoteli alilishughulikia jambo hili katika kitabu cha tatu cha maadili yake. Alisema tusimlaumu mtu kwa alichokifanya bila kujua, ila akaweka sharti: kama kutokujua kwenyewe amekutafuta, lawama inarudi. Alitoa mfano wa mlevi. Mlevi hajui anachofanya, kweli, lakini alikuwa na uwezo wa kutokulewa.

Nikijipima kwa kipimo hicho najikuta nimelewa mchana kweupe. Milango ya kujua ilikuwa wazi mitatu. Kulikuwa na sauti ya shangazi, dakika mbili na nusu. Kulikuwa na konda aliyeniambia kwa kinywa chake. Kulikuwa na mkono wa bibi. Wahenga wanasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi sikuhitaji hata kuuliza, nilijibiwa kabla, nikalikataa jibu.

Kwa nini nililikataa? Hapa ndipo penye aibu yenyewe. Mwanzoni nilijiambia ni kiburi cha mtu wa Dar, hataki kuonekana mshamba mbele ya konda. Hiyo ni sehemu tu. Sehemu iliyobaki ni kwamba mimi ndiye niliyetaka kupita Ikulu. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa mwaka 2023, nilikuwa sijafika upande ule, na tangu asubuhi nilikuwa napiga hesabu ya namna ya kupaona. Ujumbe uliposema Chamwino, moyo ukaichagua ile iliyoufaa. Nimejifunza kwamba kutokujua kwetu hakuelei tu hewani, kuna upande kunakoegemea. Mara nyingi kunaegemea kule tulikotaka kwenda tangu mwanzo. Mtu "hajui" kwamba ofisi inafungwa saa tisa, na ni siku ile ile ambayo hakutaka kwenda ofisini. Mtu "amesahau" namba ya nyumba ya ndugu mgonjwa. Usimwite mwongo, maana kweli amesahau. Lakini muulize alisahau kuelekea wapi.

Jina la Dodoma lenyewe lina kisa kinachonihusu. Wengi tunakijua kile cha tembo aliyekwama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama. Kuna simulizi nyingine, nayo hupenda kusimuliwa kwa utani. Wanasema Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia. Mikia wakaichomeka kwenye tope. Wahehe walipofika wakifuata nyayo, wakaonyeshwa: poleni jamani, ng'ombe wenu wamezama, idodomya. Baba yangu ni Mhehe na mama ni Mgogo, kwa hiyo kwenye simulizi hii mimi nimeibiwa na nimeiba.

Nilikuwa nikiicheka simulizi hii tangu utoto. Sasa naiona vingine. "Bibi alitaka kuiona Ikulu" ulikuwa mkia niliochomeka kwenye tope. Ng'ombe nilikuwa nimemla mwenyewe. Na ona ustadi wa uongo wa namna hii: hauna sentensi ya uongo mtupu. Tope lilikuwepo, mikia ilikuwa ya kweli. Tulipotea kweli, na Ikulu bibi aliiona kwa mbali na akafurahi. Nilichofanya ni kuhamisha tamaa kutoka moyoni mwangu na kuitia moyoni mwa mtu asiyeweza kujitetea mbele ya binti yake bila kumuumbua mjukuu wake.

Ninapofika hapa namkumbuka Rosa wa Kezilahabi. Tangu Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 wasomaji wamekuwa wakibishana: Rosa alipotea, au alipotezwa? Baba mkali aliyemfungia ndani, shule, wanaume, umaskini; ukizihesabu sababu zote Rosa mwenyewe hubaki na kidogo sana. Na ukimtupia zote yeye, unakuwa umewaachia wengi wapite. Kiswahili kinatupa vitenzi vya kutosha kwa kazi hii: kupotea, kupoteza, kupotezwa, kupotosha, kupotoka. Kila kimoja kinaweka hatia mahali pake. Ubaya ni kwamba sisi tukibanwa tunakimbilia kile cha kwanza tu, kwa sababu hakina mtendaji. "Tulipotea." Nani alimpoteza nani? Sentensi haisemi. Iliyo sahihi ilikuwa: "Nilimpoteza bibi." Ijaribu mdomoni, utaona ilivyo nzito.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kupotea kwenyewe hakuna hatia. Mji ni mgeni, majina yanafanana, binadamu hukosea. Hatia huanza pale unapoambiwa ukakataa kusikia, na inakomaa pale unapolitumia neno "tulipotea" kama pazia. Neno hilo hilo linaweza kuwa udhuru na linaweza kuwa ungamo. Tofauti ni kama unataja mahali ulipokuwa na nafasi ya kugeuka ukaacha. Mtu akisema "nilipotea" halafu hana kona hata moja ya kuitaja, msikilize kwa makini.

Jumatatu yake nilimrudisha bibi Mtera. Tulikaa viti vya mbele, hatukuongea sana. Baada ya Fufu nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyetaka kupita Ikulu. Nilikusingizia."

Akasema, "Kwani sikusikia?"

Nikanyamaza. Basi likaendelea kushuka, mibuyu ikipita dirishani.

Akasema tena, "Mimi ni mzee, lawama ya mwanangu haiwezi kuniua. Na wala mimi sikupotea, tulikuwa wote. Kamwambie aliyekuwa anasubiri."

Tuliposhuka pale bwawani akanunua perege wawili, mmoja akanifungia nirudi naye. Upepo ulikuwa mkali. Kabla ya kuondoka nilimuuliza tena, kama ninavyomuuliza kila mara, kwao ni upande gani. Akanyoosha kidole kwenye maji bila kusita hata kidogo. Nikafikiri: huyu ambaye kijiji chake kimefunikwa na maji anajua kilipo, na mimi niliyekuwa na ramani mfukoni niliambiwa mahali nikakataa.

Usiku ule nikaandika kwenye kundi la familia. Niliandika yote: konda, mkono wa bibi, ujumbe wa sauti, Ikulu. Mama akajibu kwa neno moja, "Sawa." Baba hakujibu. Binamu mmoja akaweka vicheko. Nilingoja jibu la mdogo wangu siku nne, na katika siku nne zile nikaelewa kidogo alivyokaa pale mbele akitazama mlango.

Hatimaye akaandika: "Kitenge bibi alinifunga jikoni, watu wameshaondoka. Ninacho. Ila picha hatuna."

Sikuwa na la kujibu, na sijalipata hadi leo. Nilifungua tena kundi, nikapandisha juu hadi Jumamosi ile, nikaubonyeza ujumbe wa shangazi. Anaanza na salamu, anamsalimia kila mtu kwa jina. Halafu, kabla hata dakika moja haijaisha, anasema: "Sasa jamani, Chamwino hii hii ya hapa mjini, siyo ya Ikulu. Nawajua nyie, msije mkapotea na bibi."